Radhi Kabla ya Mechi

Kabla sijauona mchezo wenyewe, niliusikia. Mlio mkavu, kama masufuria mawili yaliyogombana, kisha kimya, kisha vicheko vya vijana. Ulitoka nyuma ya ukuta wa chuo kilichopakana na jengo letu la mtaa wa Al Khuwair, huku Uarabuni, kila alasiri, harufu ya vumbi la moto ikipanda hadi roshanini kwetu. Hata leo plastiki ngumu ikigongana mahali, narudi kuwa mtoto wa miaka tisa mwenye magoti yaliyochubuka.

Kaka yangu Nasri alisoma hapo, naye kila Alhamisi alichezea timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani. Msinicheke. Mwalimu wao mmoja alirudi kutoka masomoni Marekani na masanduku ya helmeti za mitumba. Ziliwapwaya, basi vijana walijifunga vilemba kwanza, helmeti zikakaa juu yake. Mpira wenyewe ulikuwa na ncha mbili. Majirani waliuita yai la mbuni.

Katikati ya msimu wao vita vikaingia Iraq. Televisheni yetu haikuzimwa tena. Anga ya Baghdad iliwaka kijani sebuleni huku tukila wali, na Bibi, mama yake baba, mzaliwa wa Unguja, akaacha nyama akisema haimpiti kooni. Baba mmoja baada ya mwingine akamtoa mwanawe kwenye timu. Mchezo wa hao wanaopiga mabomu, walisema. Wakabaki kumi na mmoja, idadi inayotakiwa uwanjani. Akitoka mmoja, msimu umekufa.

Miongoni mwa waliobaki alikuwapo Haidar, Mwiraki. Watu walimsimamisha dukani wamuulize: hata wewe? Nasri alitusimulia jibu lake: "Wameshachukua anga ya kwetu. Niwape na Alhamisi yangu?"

Mechi ya mwisho ilikuwa Alhamisi, ugenini. Kwetu hakuna aliyetoka kwenda kwenye jambo kubwa, mtihani au safari, bila radhi ya Bibi. Unainama, unambusu mkono, anakuwekea kiganja kichwani na kukuombea. Siku hiyo ndugu yake baba, Ami Seif, alikuwa amekaa naye tangu asubuhi akimtia maneno. Nasri akaingia na kinga zake za plastiki mabegani, mpana kama kabati, akainama. Bibi akauficha mkono ndani ya kanga.

"Sikupi."

"Bibi, nikikosa mimi, hawatimii."

"Wasitimie!" alidakia Ami Seif. "Watu wanakufa, wewe unavaa makabati!"

"Ami, kabati hili halijamuua mtu."

"Umemsikia, mama? Huo ndio ulimi wa chuo!"

Nasri hakuinuka. Jasho lilimdondoka kwenye zulia. Bila radhi hakuweza kuvuka kizingiti, na jezi pia hakukubali kuivua. Mimi, kwa udadisi tu, nikauliza, "Na Haidar kapewa radhi na nani?"

"Haidar nani?" Bibi akanigeukia.

"Mwenzetu Mwiraki," alijibu Nasri, macho chini. "Mama yake yuko Basra. Simu haishiki tangu vita vianze. Yupo garini, ananisubiri."

Bibi aliitazama televisheni, kisha akamtazama mjukuu wake.

"Mpandishe."

Haidar akaingia akiinama mlangoni kwa urefu wake, helmeti kwapani, akatoa salamu. Bibi akamuuliza kwa Kiarabu jina la mama yake. "Zahra," alisema. Mkono ukatoka ndani ya kanga, ukatua kichwani pake. Bibi alianza kuomba kwa Kiarabu, lakini dua zake zilikuwa nyepesi zaidi kwa Kiunguja, akamalizia kwa lugha ambayo kijana yule hakuelewa hata neno. Alibaki ameinama mpaka mwisho.

Kisha Bibi akamgonga Nasri utosini kama mnunuzi anayejaribu tikiti sokoni Mawaleh. "Haya, radhi hiyo. Na hasira zangu nnazo vile vile. Chukua zote."

"Mama!"

"Nyamaza, Seif. Vita vishamnyima mtoto wa watu sauti ya mamake. Na sisi tumnyime mkono?"

Walifungwa, tena vibaya, na Nasri akarudi na jino pungufu. Miaka mingi nilidhani Bibi aliupenda mchezo ule. Wapi! Mpaka anakufa aliuita ugomvi wa mbuzi. Ni ukubwani, nilipoanza kuondoka kwenye viwanja vya ndege bila kiganja cha mtu kichwani, ndipo nilipoelewa. Vita vilikuwa vikitoa amri sebuleni kwetu: nani ale, nani acheze, nani awe adui wa nani. Mwanamke mzee mwenye magoti mabovu alikataa kutii.

Siku ile sikuyajua hayo. Nilihisi tu uzito wake aliponishika bega ili ainuke. Aliwafuata vijana hadi mlangoni, akasikiliza njumu zao zikishuka ngazi mpaka zikanyamaza. Ami Seif alikuwa bado anasema. Bibi akaufunga mlango.