Supu Niliyompa Baba

Kwetu Nyamasaria mtu anaweza kula mkate, mchele na nusu kuku, na bado akwambie hajakula. Chakula ni ugali, zingine ni za kupitisha wakati. Kwa hivyo sista wa kliniki alipomwambia Baba apunguze ugali juu ya kisukari, ilikuwa kama kumwambia apunguze kuwa Mjaluo.

"Nimesema punguza, Mzee, sijasema uache," sista alimwambia. "Samaki kula. Mayai kula. Hizo hazipandishi sukari sana."

Baba si mtu wa kupunguza. Pombe aliacha yote kwa siku moja, na kanisa pia. Alifika nyumbani akatangaza ugali imeisha kwa hii boma. Ikawa ni samaki asubuhi, samaki mchana, samaki jioni. Mama anauza samaki ya kukaanga hapo steji ya matatu, kwa hivyo samaki haikuwa shida. Lakini insulini, ile dawa ya kushusha sukari, aliendelea kujidunga kipimo kile kile cha wakati wa ugali. Hakuna mtu kwetu alijua hiyo ni hatari. Mimi niliishia darasa la nane, na hata mtihani sikufanya.

Sukari nayo Mama alifungia kwa sanduku ya bati, akanipea ufunguo. "Baba yako ni mwizi," akasema. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimemshika mara mbili na kijiko mdomoni.

"Mzee, mikono juu," nilimwambia mara ya pili.

"Afande, nihurumie, niko na bibi na watoto."

Tulicheka mpaka Mama akatufukuza nje.

Siku yenyewe Mama alikuwa ameenda Asembo Bay kuchukua samaki. Saa saba mchana Baba alitoka chumbani akakaa kwa kiti. Jasho ilikuwa inamtoka kama ametoka kulima, na alikuwa amelala tu. Mikono inatetemeka.

"Nipe sukari," akasema.

"Ofisi imefungwa. Rudi Jumatatu."

"Nyathina, nipe sukari. Kijiko moja tu."

Nyathina kwa Kijaluo ni "mtoto wangu", na Baba alikuwa ananiita hivyo tu akitaka kitu. Nikamwambia wezi wa siku hizi wamesomea maigizo. Hakucheka. Alijaribu kusimama, magoti ikakataa, ndio nikaona hana nguvu. Na kwetu mtu akikosa nguvu anapewa supu. Kulikuwa na supu ya mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inabaki wakishatoa nyama. Nikapasha, nikamshikia kikombe. Ufunguo ilikuwa mfukoni mwangu.

Alikunywa yote. "Hii si yenyewe," akasema. Nikamwambia angoje, itafanya kazi.

Tukangoja. Akaanza kuongea na mama yake, mwenye alizikwa kitambo. Halafu akaanguka, miguu ikawa inapiga sakafu. Nilipiga nduru, jirani akaleta pikipiki, tukamweka katikati yetu kama gunia.

Hospitali walimtundikia maji ya sukari. Sista wa hapo aliniuliza Baba alikula nini.

"Supu ya samaki, Sista. Nzito kabisa."

Sista akaandika hiyo. "Samaki inapandisha sukari pole pole, tena kidogo. Huyu alikuwa anataka kitu ya kupanda kwa dakika. Ungekoroga tu sukari kwa maji, umpe. Hakuitisha?"

"Hapana," nikasema.

Baba aliamka siku ya tatu. Daktari alisema ubongo ilikaa bila sukari muda mrefu. Siku hizi anaweza kutembea, lakini vifungo vya shati ni Mama anamfungia. Akimaliza kula anauliza kama chakula iko tayari. Mama naye ameacha kuuza samaki, anafua nguo za watu hapo karibu ndio asikie akiitwa.

Kila wiki Baba ananiuliza, "Kwani nilianguka aje?"

Mara ya kwanza nilimwambia alikuwa anafukuza jogoo ya jirani. Alicheka sana. Ingine nikasema alikuwa anaonyesha Mama vile walikuwa wanacheza densi wakiwa vijana. Anacheka, anasahau, anauliza tena. Hakuna stori nimewahi kumpa akakataa kuamini.

Juzi aliuliza Mama akiwa nje na nguo. Tulikuwa wawili tu. Nikafungua mdomo nimwambie aliniitisha kijiko moja. Alikuwa ananiangalia, tayari ameanza kutabasamu, anangoja.

"Uliteleza, Mzee," nikasema. "Uliteleza tu."