504 ya mzee ilizimika kwa ukungu wa Werugha, kumbe ugonjwa ulitoka nayo Voi

Wakuu, habari zenu huko mliko. Mimi ni wa Voi, si fundi, ni mpenzi tu wa magari ya kabureta. Haya yametokea kwetu na mashahidi wako hai, akiwemo shangazi yangu, ambaye nikiongeza chumvi hapa atanifuata mpaka kwa comments.

Mzee wangu ana Peugeot 504 aliyoinunua kabla sijazaliwa. Dada yangu Wakesho akiwa mdogo, mzee alimuahidi kwamba siku ya kuolewa atampeleka kanisani nayo. Ahadi ni deni, na mzee hasahau.

Sasa harusi ikafika. Kanisa liko Werugha juu mlimani, sisi tuko Voi chini kwenye joto.

Kwa kamati ya harusi, shangazi Mkamburi akataka tukodishe gari mpya. Tukabishana weee, mwishowe tukakubaliana 504 ijaribiwe: ipande mlima mpaka kanisani, yeye akiwa ndani. Ikifika salama, mzee ataendesha siku ya harusi. Ikisumbua, inabaki nyumbani.

Tulipanda vizuri. Kupita Wundanyi, ukungu ukatushukia. Mzee, kwa madaha, akawasha taa mbili kubwa za ukungu alizozifunga mwenyewe kwa ajili ya harusi.

Lori la kabeji likasimama mbele, nasi tukasimama. Idle, yaani mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama, ikashuka, gari ikatetemeka, ikazima.

Ikawashwa, ikazima tena. Ikitembea iko sawa, ikisimama inakufa. Mwisho tulisukuma. Shangazi naye akashuka na viatu vyake vya kisigino, akasukuma pamoja nasi. Akasema kwa upole, "Bibi harusi hasukumi gari."

Gari iliposhika, mzee aligeuza kurudi Voi. Aliendesha polepole mpaka nyumbani kama anayetoka msibani, na niliumia sana kumuona vile.

Tukampelekea fundi hapa Voi. Juani, gari inanguruma bila shida yoyote. Akasafisha kabureta, akapandisha idle mpaka ikalia kama posho mill ya kusaga mahindi. Akasema ni hewa ya mlimani, ni nyepesi.

Nikataka kuamini. Lakini hii gari imepanda Werugha miaka na miaka na hiyo hewa haijawahi kuizima.

Basi nikajiuliza, kule tulifanya nini ambacho huku hatufanyi? Tuliwasha taa. Wakuu, nani anawasha taa za ukungu Voi? Hili jua letu lenyewe ni taa.

Nikarudisha idle pale ilipokuwa, gari ikiwa uani, nikaanza kuwasha kitu kimoja kimoja. Taa za kawaida: idle ikashuka kidogo, ikatulia. Hiyo ni kawaida, alternator inayozalisha umeme imeongezewa kazi. Wipa, vilevile. Feni ya kupuliza kioo, vilevile.

Taa za ukungu: gari ikatetemeka, ikazima.

Nikafungua boneti, nikaiwasha tena na zile taa, nikashikilia mafuta kidogo hapo kwa kabureta ili isizime, nikagusa nyaya. Waya mwembamba unaopeleka umeme kwa ignition coil ulikuwa moto. Nikaufuata, nikakuta taa zimeunganishwa hapo hapo. Yaani taa zilikuwa zinakula chakula cha coil, na coil ikikosa umeme wa kutosha, plagi hazipati cheche ya maana. Ukikanyaga mafuta inavumilia. Ukisimama, kwaheri.

Shida ikawa kumwambia mzee. Zile taa alizifunga mwenyewe, kwa mapenzi, ili ukungu usimtishe mtoto wake. Nikamuonyesha tu ule waya, taa zikiwa zinawaka. Akaushika, akauachia haraka.

"Kwa hivyo ni mimi," akasema. Halafu akacheka mpaka akaegemea mlango, na mimi nikapumua.

Tukavuta waya mnene moja kwa moja kutoka kwa betri, tukaweka fuse na relay, ile swichi inayobeba umeme mwingi. Taa zote zikawaka, idle ikacheza kidogo tu, ikasimama imara.

Shangazi hakuamini, lakini Wakesho alisema atapanda ya baba au atatembea kwa miguu. Ikaisha hivyo.

Siku ya harusi ukungu ulikuwa mzito kuliko ile siku nyingine. Mzee akafika mlangoni mwa kanisa, taa zote zinawaka, wipa zinacheza, feni inavuma. Akashuka, akamfungulia dada mlango, wakaingia wameshikana mikono. Gari hakuizima. Makusudi kabisa.

Mchungaji anaomba, nje 504 inanguruma. Wanavishana pete, inanguruma. Mwishowe shangazi akaniinamia sikioni, macho yamejaa machozi, akanong'ona, "Nenda ukaizime sasa. Tumeamini."

Funzo langu, wakuu: gari ya zamani ikizima ukiwa umesimama, usikimbilie kabureta. Washa mzigo wa umeme mmoja mmoja uone ni upi unaoiangusha. Na ukifunga taa za ukungu, zijaribu hata kama jua linakuchoma kichwa.

Nyinyi wenye 504 na ndugu zake, ni kitu gani mlichofunga kwa mapenzi kikawageuka? Nawasoma.