Manda Hubanduliwa Zingali Moto

Siku hizi mtu akitaka sambusa anakwenda dukani, ananunua manda zilizokwisha kukatwa na kufungwa kwenye nailoni, kisha anajisifu kwamba amepika. Amepika nini? Amekunja tu. Nikiona hivyo nanyamaza, maana nikisema naambiwa nina mdomo. Mdomo ninao kweli, nimeurithi kwa bibi mzaa mama, aliyekuwa fundi wa manda mtaani kwetu Ng'ambo, pale Tabora. Harusi ya jirani au futari ya watu wengi, lazima aitwe.

Kwa asiyejua, manda ni lile ganda jembamba la unga linalofungia nyama ya sambusa. Unasukuma vidonge kadhaa, unavipaka mafuta ya karanga na kuvinyunyizia unga, unavipanga kimoja juu ya kingine, halafu unavisukuma tena vyote kwa pamoja. Unaweka kwenye chuma cha chapati, moto mdogo, unageuza kabla hazijashika rangi. Hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu unatakiwa uzibandue moja moja zingali zinafuka. Ukingoja zipoe zinashikana, na ukivuta zinachanika. Bibi hakumwachia mtu kazi hiyo. Mama alikanda, alisukuma, alipepea jiko, lakini chuma kikishaepuliwa alisogezwa pembeni. "Toka hapo, wewe unaogopa moto." Na mama, mtu mzima mwenye watoto, alisogea.

Bibi aliugua miaka ile wenzetu wa mashambani walipokuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, na sisi wa mjini tukipanga foleni alfajiri kwenye duka la ushirika kwa ajili ya unga wa njano wa mahindi. Unga wa ngano tuliusikia kwa wasafiri. Ugonjwa ulianzia miguuni. Alisema ina ganzi, baadaye akashindwa kusimama. Hospitali walimpa vidonge wakaturudisha nyumbani. Akawa anakunywa vijiko viwili vya uji, anageukia ukutani.

Mama alikuwa na tumaini moja, na hakulificha kwa yeyote aliyekuja kutujulia hali. Mama yake akishika manda tena, atainuka. "Yule hajawahi kulala unga wa ngano ukiwa ndani ya nyumba," alisema. Na mimi niliamini. Nilikuwa mtoto, na nilimpenda bibi yangu kuliko watu wote, mama mwenyewe akiwemo, Mungu anisamehe.

Kisha mjomba, kaka yake mama aliyekuwa akifanya kazi kwenye treni ya Kigoma, akaja na unga wa ngano kwenye foronya. Ameupataje hatukuuliza. Wakati ule mtu akikuletea kitu ulisema ahsante ukafunga mlango. Mama aliuchekecha, akatoa wadudu, huku anaimba. Ilikuwa muda mrefu sijamsikia akiimba.

Jiko alilitoa uani, akaliweka mbele ya mlango wa chumba cha Bibi ili mgonjwa aone. Na mgonjwa aliona! Alianza kutoa amri akiwa amelala vile vile.

"Unga unauonea huruma? Ukande!"

"Naukanda, mama."

"Mke mwenzangu," akaniita mimi, maana ndivyo alivyonitania siku zote, "hebu mwambie mama yako unga haubembelezwi."

Tukacheka wote watatu. Bunda la kwanza likaiva, mama akaanza kubandua. Alishika, akaachia, akapuliza vidole, akashika tena. Alipofika katikati zilikuwa zimeshapoa, zikachanika.

"Astaghfirullah! Unga wa shida namna hii unachanwa kama gazeti? Nileteeni hapa!"

Mama alinitazama, macho yanang'aa. Ameomba mwenyewe! Tulimwegemeza kwa mito, tukamwekea sinia mapajani. Bunda la pili lilipoiva mama aliliepua, akalikimbiza kwake likiwa linafuka.

Bibi akabandua. Wallahi alibandua kama zamani, moja baada ya nyingine, nzima nzima, bila pupa. Mama akapiga makofi. "Alhamdulillahi! Kwani sikusema?" Nami nikapiga kigelegele.

Bibi akasita kidogo, uso umekunjamana. "Mbona umeniletea zimeshapoa?"

Mvuke ulikuwa unampanda usoni. Nilitazama vidole vyake. Ncha zake zilikuwa nyekundu, ngozi imeanza kuumuka, naye bado ameviegemeza juu ya manda. Nikafumbua mdomo. Mama akanifinya paja, akanifinya sana.

"Kweli zimepoa, mama," alisema. "Nisamehe. Nilichelewa."

"Umri wote huo hujui manda hubanduliwa zingali moto?"

"Nitajifunza."

Akamwinua mikono taratibu, akamfuta kwa kitambaa kibichi eti anamtoa unga, akamfunika khanga. Mama akamwambia apumzike, amwelekeze tu. Akanituma nilete bunda la tatu. Nililileta mbio, sinia linaniunguza mikono.

Mama aliketi ukingoni mwa kitanda akabandua mbele ya mama yake. Hakupuliza vidole. Hakuachia hata moja. Angeshtuka mara moja tu, Bibi angejua. Alizitoa zote nzima, machozi yanamchuruzika upande ambao Bibi hakuweza kuuona.

Bibi alimfuata kwa macho mpaka ya mwisho. Akaridhika, akalaza kichwa kwenye mto.

"Leo umeweza kwa sababu hazina moto," alimwambia. "Lakini usizoee."