Matofali Yaliyokwenda Ndalambo

Watu huniuliza biashara ya lori ya kwetu ilianzaje, wakitaka niwape kisa cha ushujaa. Ushujaa wapi! Ninachokumbuka mimi ni vumbi, mgongo kuuma, na mama yangu akitembea nyuma ya lori milimani, gogo begani. Baba alikuwa Mnyasa, mtu wa kando ya ziwa, aliyejifunza udereva jeshini wakati wa vita kuu ya pili. Vita ilipokwisha akatuchukua, mama na sisi watoto, kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka. Tulipofika Tunduma mama akaugua, tukapiga kambi. Tulikuwa tunapita tu, ati. Kupita huko kukamaliza ujana wangu wote.

Lori lenyewe baba alilipata kwa mlowezi wa kahawa wa Mbozi aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao Ulaya. Lilikuwa bovu tangu siku ya kwanza. Breki zake zilikuwa za kubembeleza, kwa hiyo kwenye milima ya Ileje ilibidi mtu atembee nyuma na gogo, na lori likianza kurudi kinyumenyume alitupe chini ya gurudumu. Wenye malori wengine waliajiri utingo. Baba alikuwa na mama. Alitembea na gogo lile akiwa na mimba, akiwa na mtoto mgongoni, akiwa na homa, na kiti cha mbele kikakaliwa na abiria mwenye heshima zake: karani, mwalimu, au katekista.

Msimu wa kahawa tulibeba magunia. Msimu ukiisha tulihamisha watu, walimu waliopelekwa shule nyingine, makarani wa serikali, wajane waliorudishwa kwao. Baba alijisifu kwamba hajawahi kuvunja hata chungu cha mtu, na ilikuwa kweli. Alifunga vitanda na mawe ya kusagia kwa kamba za katani kwa upole ambao sisi nyumbani hatukuuona. Akifika, haondoki mpaka kitanda cha mteja kimesimama na mama wa nyumba ile amekubali kwamba kimekaa sawa. Sisi tulikaa katika kibanda cha nyasi kilichovuja kila masika, nusu ya vyombo vyetu bado vimefungwa. Kinyozi hajinyoi.

Mama alipoomba nyumba, baba alikuwa na jibu moja tu. Nyumba ya matofali ni ya mtu anayebaki, na sisi mwakani tunarudi ziwani. Simlaumu sana kwa kulikumbuka ziwa lake. Alikuwa akilitaja hata akiwa chini ya lori, uso umejaa grisi. Lakini mwakani hiyo ilikuja, ikapita, ikaja nyingine, na kila mwaka lori lilitaka kitu kabla yetu.

Basi kiangazi kimoja, baba akihangaika na kahawa, mama aliamua kufyatua matofali mwenyewe. Nilikuwa binti mkubwa tayari, nimeshachumbiwa, nikamsaidia. Tuliteka maji kijitoni, tukakanyaga udongo mpaka nyayo zikapasuka, tukafyatua kabla ya jua kuwa kali na tena baada ya kurudi shambani. Mama alikuwa akibonyeza kidole gumba pembeni mwa kila tofali likiwa bichi. Nilimuuliza kwa nini. Akasema anapenda tu, niache maswali nilete maji. Tukapanga tanuri, tukalichoma, matofali yakatoka mekundu mazuri, yakigongwa yanalia. Majirani walikuja kuyatazama. Siku hizo mama alikuwa akiimba akipika, jambo ambalo sikulizoea.

Kisha shangazi yake akafariki huko Ileje, tukaenda msibani karibu na Itumba, mimi na yeye. Tuliporudi, pale tanuri liliposimama palikuwa peupe, majivu tu na vipande. Tairi mbili zilikuwa zimepasuka katikati ya msimu, na mfanyabiashara mmoja wa Ndalambo alitaka matofali amalize duka lake kabla ya mvua. Baba akayapakia, akamuuzia apate tairi mpya. Alitueleza hayo akila, bila hata kuinua macho, akamalizia kwamba udongo haujaisha duniani, mwakani tutafyatua mengine.

Mimi nilitaka kulia kwa hasira. Nilimchukia baba siku ile, nasema wazi. Mama akaondoa sahani yake. Akaosha vyombo, akalala. Baba akadhani yamekwisha.

Haikupita muda tukapata kazi ya kumhamisha mwalimu mmoja kwenda Ndalambo. Mwalimu na mkewe walikaa mbele na baba, mama na mimi tukapanda juu ya mizigo pamoja na kuku wao. Tulipofika sokoni, mama alishuka akaelekea moja kwa moja kwenye lile duka lililokuwa likijengwa. Kuta zilikuwa zimefika usawa wa madirisha. Akatembea taratibu kando ya ukuta, mkono ukipita juu ya matofali, na kila hatua kidole chake kikaingia katika alama zake. Mwenye duka, asiyejua lolote, akamkaribisha kwa furaha, akamwambia matofali haya ni imara, yametoka Tunduma. Mama akamshukuru. Kisha akakaa kwenye kizingiti.

Tulimshusha mwalimu na vyombo vyake vyote. Baba akasimamisha kitanda, akauliza kama kimekaa sawa. Tukarudi dukani kumchukua mama. Hakuinuka. Baba akamwambia apande, jua linakwenda. Akasema hapandi. Baba akaanza habari ya mwakani, na mama akainua mkono kumkatiza, bila ukali wowote. Alikuwa amechoka mno hata kugombana.

"Baba watoto," akasema, "mizigo ya watu wote unaifikisha. Mimi nitafika lini?"

Baba alikuwa mtu wa maneno mengi. Alizoea kubishana na askari wa barabarani na makarani wa kahawa, na wote aliwashinda. Siku ile alizima injini, akashuka. Akautazama ukuta, akazitazama zile alama za kidole, nadhani kwa mara ya kwanza. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Nitafyatua mwenyewe." Mama akainuka, akapanda mbele.

Sikuamini, na mama hakuamini pia. Lakini kiangazi kilichofuata, kahawa ikiwa imeiva na wenye magunia wakipiga kelele, baba aliegesha lori, akakunja suruali, akaingia kwenye shimo la udongo. Alikuwa fundi mbaya wa matofali. Mengi yalipasuka, mengine yalipinda, na watu waliopita barabarani walimcheka, dereva mzima anakanyaga tope kama mtoto. Wateja wetu wengi walihamia kwa wenye malori wengine, na hawakurudi wote. Mama hakumsaidia hata kwa ndoo moja. Alikaa mbali, akichambua maharage yake.

Nyumba ikasimama, vyumba viwili, paa la nyasi. Mama aliingia mchana, akaipima kwa macho, akasema ile pembe imepinda. Baba akakubali kwamba imepinda. Mama akatandika mkeka chumbani, akajilaza, na usingizi ukamchukua papo hapo. Sikuwahi kumwona mama yangu amelala mchana, hata alipokuwa mgonjwa.

Baba akakaa mlangoni, tope bado kwenye kucha. Akaja karani mmoja aliyepata uhamisho wa haraka, akaanza kueleza shida yake kwa sauti kubwa. Baba akamwashiria ateremshe sauti.

"Leo gari haliendi," akamwambia. "Mwenye nyumba amelala."

Yule karani akamtazama asielewe, akaondoka akinung'unika. Baba akasogea katikati ya kizingiti, akaziba mlango vizuri, mbu na mainzi wasiingie.