Kahawa Iliyolala na Nguo za Harusi

Bi Sitaki hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na majirani, maana kila alichoambiwa, neno hilo ndilo lililomtoka kwanza. Mwenyewe akijicheka husema hata mkunga alimbembeleza kutoka.

Amelima kahawa tangu aolewe, na kuionja hajaionja. Yeye ni mtu wa chai. Alichojua ni kwamba kahawa ya upande wao ilichanganywa na ya ng'ambo ya mlima, na sifa zote zikabaki ng'ambo. Marehemu mumewe alikwenda na kinyongo hicho kaburini. Basi katibu wa chama cha ushirika alipotangaza kwamba mwonjaji atakuja, na akipata kahawa nzuri kweli itauzwa peke yake kwa jina la kilima chao, bibi alikosa usingizi. Akaapa kahawa itakayobeba jina hilo itoke shambani kwake.

Sasa, kahawa ya heshima huwekwa wapi? Gunia kila mtu analo. Akaisomba ile ya uchumaji wa kwanza, kavu kabisa, akaimwaga kwenye sanduku la nguo zake za harusi, akaifunika kwa shuka jipya. Ili mende wasithubutu, akarushia vile vidonge vyeupe vya harufu kali vinavyowekwa kabatini kwenye nguo.

"Mama," mke wa mwanawe alimwambia, "kahawa inavuta harufu. Katibu alisema iwekwe mbali na kila kitu."

"Katibu ana sanduku kama hili?"

"Hana."

"Sasa yeye atajulia wapi?"

Mkwe akarudi uani kwenye kichanja alikoanika ile ya uchumaji wa mwisho. Aliigeuza kutwa nzima, akitoa mbovu mojamoja. Bi Sitaki alimwita fundi wa kupapasa.

Siku ilipofika, ofisi ya ushirika ilijaa watu mpaka dirishani. Mwonjaji, mama mmoja mpole wa miwani, alikuwa amepanga vikombe mezani, bila sukari wala maziwa. Alichota kijiko, akakivuta kwa kelele kama anayenywa uji wa moto, kisha akatema kwenye ndoo.

"Anatema!" Bi Sitaki akaruka. "Mgeni gani huyu?"

"Bibi, kaa. Anatema zote," katibu akamnong'oneza. "Ndiyo kazi yake."

Kikafika kikombe chake. Mwonjaji akainama, akanusa. Akanusa tena, akafumba macho. Bibi akanyoosha shingo kuwaangalia majirani.

"Hii kahawa imekaa na nguo?"

"Za harusi!" Bi Sitaki akajibu kwa fahari, akidhani anasifiwa.

Watu walicheka hadi mmoja akaegemea ukuta. Mwonjaji yeye hakucheka. "Ndani yake kuna kitu kizuri, mama, ila siwezi kukifikia. Hakuna nyingine ya shamba hilohilo? Naondoka jioni."

Iko. Bibi alijua iko wapi na nani aliyeigeuza, na ndiyo maana alitoka bila kujibu, akakata njia ya nyumbani mkono kiunoni, akijitukana kimoyomoyo kwa majina ambayo majirani hawajayafikia.

Uani alikizunguka kichanja kama mgeni asiyejua kubisha hodi.

"Mwanangu, nigawie hiyo kahawa."

"Si yako, mama?"

"Yangu wameinusa."

Mkwe akaziba mdomo. Kicheko kikatokea puani.

"Cheka, cheka upesi umalize," bibi akasema. "Halafu twende wote."

Ofisini ikakobolewa, ikakaangwa, ikasagwa, maji ya moto yakamiminwa. Mwonjaji akavuta kijiko, akatema. Akarudia. Mara ya tatu akamgeukia katibu.

"Hii ndiyo. Iende peke yake, kwa jina la kilima chenu. Nani ameikausha?"

Ofisi nzima ikamtazama Bi Sitaki. Alikuwa amelingoja swali hilo miaka yote ya ndoa na ya ujane, na jibu lake alikuwa nalo tayari. Akalimeza.

"Ni huyu mkwe wangu," akasema, kwa sauti iliyofika hadi barabarani, kwa kuwa ya chini hajawahi kuwa nayo. "Mimi kazi yangu ilikuwa kumkatalia."