Mtungi wa Tatu

Mizani niliyoitumia ilikuwa ya mama mmoja aliyeuza sukari na majani ya chai katika soko la Garissa. Niliweka blanketi, nikaandika. Nikaweka sufuria, nikaandika. Nilipoweka mswaki, yule mama aliacha kufunga vifurushi vyake akanitazama.

"Warya, we kijana, unauza au unapima tu?"

"Napima. Nataka kujua uzito."

"Wa mswaki?"

"Wa kila kitu."

Akamgeukia jirani yake aliyeuza tende. "Huyu ndiye waliyempeleka chuo kikuu Nairobi. Amerudi kupima miswaki."

Walicheka, nami nikaendelea. Chuoni nilikuwa nimejiunga na kikundi cha wanafunzi waliopanda milima wakati wa likizo, na huko nilifunzwa kukiuliza kila kitu swali moja kabla ya kukitia kwenye shanta: kisipokuwepo, kutatokea nini? Kama jibu ni "hakuna", kinabaki nyumbani. Nililipenda swali hilo. Nilikuwa nikiuliza maswali ya namna hiyo kuhusu mambo mengine yote, kuhusu dini, kuhusu serikali, kuhusu kwa nini wazee huketi mbele, na watu wengi walikwisha kunichoka.

Safari yenyewe haikuwa ya likizo. Ulikuwa mwaka wa kiangazi, na chuo kilikuwa kimefungwa baada ya mgomo. Abti, kaka yake mama, alikuwa amehamishia ngamia wake mbali upande wa magharibi wa kijiji cha Hadado, ambako malisho yalikuwa hayajaisha. Lakini huko kulikuwa na inzi, na inzi walileta dhukan, ugonjwa unaomkondesha ngamia polepole mpaka siku moja anapiga magoti na hainuki. Ngamia walikuwa kumi na wanne. Tisa walikuwa wagonjwa. Maduka ya Wajir yalikuwa yameishiwa na dawa, kwa hiyo abti akapanda lori mpaka Garissa kuitafuta. Dawa ilikuwa unga wa kuchanganywa na maji na kudungwa sindano, na maelezo yake yalikuwa ya Kiingereza. Ndiyo maana akanitaka mimi.

Muuza dawa alituuliza kama kuna ngamia walioanza kulala chini mchana. Abti akasema wapo wanne.

"Hao msiwategemee kuiona Ijumaa," alisema.

Ilikuwa Jumatatu. Lori lingetufikisha Hadado Jumanne jioni. Kutoka hapo ni mwendo wa siku mbili kwa miguu, kwa hiyo tungefika Alhamisi. Kwa kawaida ngamia wa mizigo angeletwa Hadado kutupokea, lakini safari hii hakukuwa na wa kuletwa. Kila kitu kingepanda migongoni mwetu, na kila kilo tuliyoiacha ilikuwa hatua tuliyoiongeza. Hivyo ndivyo nilivyomweleza abti uani kwetu, huku vitu vyake vimetandazwa juu ya mkeka: vikoi viwili, birika la kutawadhia, kisu, turubai zito, kigoda kidogo cha mti cha kulazia kichwa.

"Hiki cha nini?" niliuliza nikikishika kigoda.

"Cha kulalia, abti." Sisi huitana hivyo pande zote mbili, mjomba na mpwa.

"Huwezi kulalia kikoi kilichokunjwa?"

"Naweza. Shingo ndiyo haitaki."

Kigoda kikabaki nyumbani. Turubai nikalibadilisha kwa kipande cha plastiki chepesi, cha aina ile iliyouzwa na watu waliotoka kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Vikoi viwili vikawa kimoja. Kuhusu birika nilibishana naye nusu saa nzima aliache, naye akanisikiliza kwa heshima, kisha akalirudisha ndani ya mfuko wake. Mengine yote alikubali. Nadhani alifurahi kuona elimu yangu ikimshughulikia mtu wa nyumbani.

Hadado, Jumatano alfajiri, tulijaza maji kisimani. Nilikuwa nimepiga hesabu: watu wawili, siku mbili, mitungi miwili ya lita tano, tukipumzika jua likiwa kali. Abti akajaza miwili, kisha akatoa wa tatu.

"Huo ni wa nani?" nikamwuliza.

"Wa mtu wa njiani."

"Mtu gani?"

"Nitamjua nikimwona."

Nilijua desturi hiyo. Kwetu maji unayoyabeba nyikani si yako peke yako, na anayekutana nawe akiwa na kiu humwulizi jina kwanza. Nilikuwa nimeisikia ikisifiwa tangu utotoni. Lakini nilikuwa sijawahi kuibeba mgongoni. Nikamwambia kwamba hizo ni kilo tano za mtu ambaye labda hayupo, wakati tuna ngamia tisa ambao wapo na wanakufa.

"Basi usiubebe," alisema bila ukali. "Nipe mimi."

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na yeye alikuwa mjomba wangu. Ningemwachaje abebe mitungi miwili watu wa kisimani wakitutazama? Nikaufunga kwenye shanta yangu.

Adhuhuri tulisimama kwenye kivuli cha mgunga. Abti alitawadha kwa maji kidogo ya birika lake, akasonga mbele kidogo, akaanza kusali. Kamba za shanta zilikuwa zimenichuna mabega. Niliutoa ule mtungi, nikajiuliza swali langu, nikalijibu. Kisha nikaumimina mchangani, polepole ili usitoe sauti. Nilibakisha kama lita moja chini ili maji yaendelee kusikika yakichezacheza nikitembea. Hilo la mwisho ndilo linaloniudhi zaidi nikilikumbuka, kwa sababu halikuwa hesabu.

Baada ya hapo nilitembea vizuri. Nilitangulia mbele mara kwa mara na kumngojea, naye akasema miguu yangu imesomea.

Alhamisi asubuhi, saa tatu hivi, tulimkuta mwanamke ameketi kando ya njia, mtoto mchanga mgongoni. Punda wake aliyebeba maji alikuwa ameanguka na kufa siku iliyotangulia, na mitungi ilikuwa imepasuka chini yake. Alikuwa akielekea Hadado, nyuma tulikotoka. Hakuomba. Alisalimia tu, na midomo yake ilikuwa myeupe.

Mtungi wa kwanza tulikuwa tumeumaliza. Wa pili ulikuwa kwa abti, umejaa.

"Abti, mpe ule wa tatu," aliniambia.

Niliutoa. Aliupokea kwa mkono mmoja, mkono ukapanda juu haraka kwa wepesi wake.

"Umevuja," nikasema.

Aliugeuza. Akapitisha kiganja chini yake, kwenye mshono, halafu pembeni, kisha akakitazama kiganja chake. Kilikuwa kikavu.

"Umevuja," alisema.

Akamtolea yule mwanamke mtungi wake mwenyewe, akamfungia vizuri kwa kamba, akamwelekeza kivuli cha kupumzikia mchana. Mwanamke alimwombea dua ndefu. Akamwombea na mwanawe, yaani mimi, kwa kuwa alidhani mimi ni mtoto wa abti.

Tukabaki na lita moja na jua la siku nzima. Abti alisimama akiangalia upande wa kusini, akasema kuna laga huko, mto wa mchanga, ambao ukichimbwa hutoa maji. Ilikuwa nje ya njia yetu, mbali. Tulifika mchana, tukachimba kwa mikono na kwa sufuria yangu nyepesi, ambayo ilipinda. Tulichimba mashimo matatu. La tatu lilianza kulowana jua likishuka, na maji yakawa yanakuja kama jasho, kikombe baada ya kikombe. Abti alinipa mimi kwanza. Nilikataa, akarudia kunipa, nikanywa. Hapo Alhamisi yetu ikaisha.

Tulifika kambini Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri. Kati ya wale wanne, watatu walikuwa wamekufa usiku uliopita na asubuhi hiyo. Mmoja wao alikuwa jike aliyekuwa akinyonyesha, ambaye maziwa yake ndiyo waliyoyategemea watoto wa abti. Ndama wake alikuwa amesimama karibu na mzoga, na mke wa abti alikuwa akijaribu kumvuta kwa kamba.

Sikupewa muda wa kukaa. Nilisoma maelezo kwa sauti, nikapima unga, nikapima maji yaliyochemshwa, abti akadunga. Tulifanya hivyo kwa sita waliobaki, na wote sita walipona baadaye. Tulikuwa kwa yule wa mwisho wakati kaka mkubwa wa abti alipokuja akasimama nyuma yetu.

"Tulikungoja jana," alisema.

"Najua."

"Mlikuwa wapi?"

Nilikuwa nimeshika bomba la sindano. Nilingoja abti aseme. Kama angelisema, ningelikubali. Nilikuwa nimeshajiandaa, hata hoja nilikuwa nayo, kwamba kwa watu wawili maji yale yalitosha.

"Miguu," abti alisema. "Siku hizi inanigomea."

Kaka yake alimtazama kuanzia juu mpaka chini. "Basi mara nyingine tutume mtu mwenye miguu." Vijana waliokuwa wamemshika ngamia wakacheka, na abti akacheka nao. Mke wake hakucheka. Alimtazama kwa muda, kisha akarudi kwa ndama.

Nilirudi na lori, na chuo kikafunguliwa. Kiangazi kilichofuata nilikuwa nyumbani Garissa tena wakati dawa ilipohitajika, na aliyekuja kuichukua alikuwa binamu wa abti, mdogo kwake kwa miaka michache tu. Nilimwuliza mama kwa nini abti hakuja mwenyewe.

"Wanasema amezeeka," mama alisema. "Hawamtumi tena safari za mbali. Siku hizi anakaa na mbuzi, pamoja na wanawake." Alikuwa akichambua mchele kwenye sinia, na mikono yake ikasimama. "Hajafika hata hamsini. Wewe ulitembea naye. Kweli alikuwa anachelewa?"

Aliinua uso akaningoja.

"Kidogo," nikasema.