Siku Kogo Alipotua Mzigo Msituni

Nilipokuwa mtoto, kwenda kwao mama ilikuwa safari ya kutwa nzima kwa miguu. Sisi tuliishi kwenye shamba la Mzungu karibu na Ainabkoi, ambako baba alikamua ng'ombe. Nyanya, mamake mama, aliishi ng'ambo ya msitu, pale nchi inapokatika ghafla kuelekea bonde la Kerio. Njia ilifuata mgongo wa mlima katikati ya mitarakwa mirefu, kisha ikazama ndani ya mianzi.

Mwaka mmoja mama alikuwa mjamzito, na alitaka kujifungulia kwao. Baba hakupewa ruhusa ya kuacha ng'ombe, kwa hiyo nyanya, ambaye tulimwita Kogo, alikuja mwenyewe kumchukua. Tuliondoka alfajiri, sisi watatu, umande ukitulowesha hadi magotini. Nilifurahi sana. Niliokota manyoya ya ndege na kuuliza maswali hadi Kogo akaniambia niupumzishe mdomo.

Jua lilipopanda tulifika kwenye uwazi mdogo. Kando yake palikuwa na kibanda cha Mzee Kiptoo, mrina asali, naye akatupungia mkono kutoka mlangoni. Tulikuwa ndio tumempita tu, mianzi ikiwa mbele yetu, nikasikia ndege kigong'ota akilia. Kogo akasimama. Akatua mzigo wake chini.

"Tuketi," akasema.

"Kuna nini?" mama akauliza.

"Humsikii? Analia upande wa kushoto."

Kwetu, kigong'ota akilia kushoto, msafiri haendelei. Lakini mama alikuwa amebatizwa, na mambo hayo alikuwa ameyaacha.

"Mama, huyo anatafuta wadudu wake. Hajui habari zangu."

"Sawa. Lakini keti."

"Tutanyeshewa! Tazama mawingu yale."

"Basi tunyeshewe tukiwa tumeketi."

Mama alikasirika. Akapiga hatua chache kuelekea mianzini, peke yake, mkono kiunoni. Kogo hakumfuata wala hakumwita. Mimi nilisimama kati yao nikitaka kulia, sijui niende na nani. Mwishowe mama akarudi, akajitupa juu ya gogo, akageuza uso upande mwingine.

Hatukukaa sana. Mama akashika gogo kwa mikono miwili, na nikaona maji yakimchuruzika miguuni.

"Mama," akasema, na sauti ilikuwa ya mtoto kama mimi.

Kogo akamshika kwapani. "Kimbia kwa Mzee," akaniambia. "Mwambie tunataka moto na nyumba yake."

Mzee Kiptoo hakuuliza hata swali moja. Alichochea moto, akatandika ngozi, kisha akatoka, maana mwanamume hakai mahali mwanamke anapojifungua. Hapo ndipo mvua ya mawe iliposhuka. Ilipiga paa la kibanda hata nikaziba masikio. Nilichungulia mlangoni nikamwona mzee wa watu amesimama chini ya mti, mzinga mtupu kichwani, akitetemeka kwa baridi. Alikaa hapo mpaka tuliposikia mtoto akilia.

Alikuwa msichana. Kogo akamwita Jeruto, yaani aliyezaliwa safarini. Mama alitokwa na damu nyingi, akalala siku kadhaa karibu na moto ule, akinyweshwa maziwa na asali, ndipo wajomba wakaja kumbeba. Walitupitisha mianzini. Njia ilikuwa imejaa matope na miti iliyoanguka, na hapakuwa na kibanda hata kimoja. Mama aliangalia yote hayo, akanyoosha mkono kutoka machelani akamshika Kogo kidole.

Nilipokuwa mama mwenyewe, nilimuuliza Kogo kama kweli ndege alijua.

"Ndege nilimsikia," akasema. "Na mama yako nilimwona anavyotembea tangu asubuhi."

"Kwa hiyo ni kipi kilichokusimamisha?"

Akacheka, akaendelea kupukuchua mahindi.

Mama aliendelea kwenda kanisani mpaka uzeeni, na katika maombi yake ya jioni hakuacha kuwataja wawili hao, mamake na Mzee Kiptoo, kwa majina. Mimi sijui kupima imani za watu. Ninachojua ni kwamba mwanamke mmoja alikubali kukasirikiwa na binti yake, na mzee mmoja akasimama kwenye mvua ya mawe kwa ajili ya watu wasio ndugu zake. Jeruto ana wajukuu sasa. Wakija kwangu wakijaza nyumba kelele, huwa siwanyamazishi.